Indiketa ipige hodi kabla gari halijaingia: barua ya wazi kwa wanaosimamia barabara kuu

Kwa mnaotunga sheria za barabarani, mnaotoa leseni, mnaoandaa mitaala ya shule za udereva na mnaochora barabara kuu.

Waheshimiwa,

Naanza na usiku mmoja ambao sijausahau. Barabara ilikuwa ya leni tatu kila upande, kavu, magari machache. Nilikuwa leni ya polepole nyuma ya lori la mafuta, spidi kama 95. Mwanangu alikuwa amelala kiti cha nyuma, kichwa kakiegemeza mlangoni. Nikatazama kioo cha kati, nikatazama cha pembeni, nikageuza shingo. Leni ya kati ilikuwa tupu. Leni ya kasi ilikuwa na gari moja, karibu sambamba nami, lakini lilikuwa kule kwake nami sikwenda huko. Nikagusa indiketa, nikaanza kuhama.

Na yeye, sekunde hiyohiyo, akaanza kurudi leni ya kati.

Nilichokiona kwanza hakikuwa gari bali rangi. Dashibodi yangu iliwaka rangi ya machungwa, ikazima, ikawaka tena, na mimi sikuelewa taa hiyo inatoka wapi kwa kuwa indiketa yangu mwenyewe hainimuliki usoni. Ilikuwa ya kwake. Nikarudisha usukani, naye akarudisha wa kwake, gari langu likayumba mara mbili kabla ya kutulia. Tulikosana kwa urefu wa mkono. Mtoto akaamka, akauliza kama tumefika.

Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nagota palepale: sote wawili tulitazama vioo na sote wawili tuliwasha indiketa. Trafiki angetusimamisha pale asingekuwa na kosa jepesi la kuandika. Kilichokosekana ni muda. Kila mmoja wetu alipiga hodi akiwa ameshaingia sebuleni.

Kazi yangu sasa ni kufundisha udereva, na ninachokiona kutoka kiti cha pembeni ndicho kinachonifanya niwaandikie. Tunawafundisha watu *kuwasha* indiketa. Hatuwafundishi kuiwasha *lini*. Mtaani, kwa spidi 40, pengo hilo halionekani, kwa sababu kila kitu kinakwenda taratibu na kosa la mmoja hurekebishwa na mwingine kwa kukanyaga breki kidogo. Kwenye barabara kuu pengo hilohilo linageuka kuwa ajali.

Tuhesabu pamoja. Sheria nyingi hupima indiketa kwa umbali: uiwashe mita 30 kabla ya kukata kona, au umbali unaofanana na huo. Kwa spidi ya kilomita 40 kwa saa, gari hutembea mita 11 kila sekunde. Mita 30 zinampa aliye nyuma karibu sekunde 3. Hapo anaona, anaelewa, anapunguza. Kwa spidi 100, gari hutembea karibu mita 28 kila sekunde. Mita zilezile 30 zimekwisha kabla hujamaliza kutamka neno "indiketa". Kwa spidi 120 hazitimizi hata sekunde moja.

Binadamu naye hakubadilika kwa sababu gari limeongeza mwendo. Jicho linahitaji muda wa kuiona taa, akili muda wa kuamua inamaanisha nini, mguu muda wa kutoka kwenye mafuta. Wahandisi wa barabara wanalijua hili vizuri. Mwongozo wa usanifu wanaoutumia Marekani hukokotoa umbali wa kusimama kwa kumpa dereva sekunde 2.5 za kuona na kuanza kuchukua hatua, kabla breki haijakanyagwa. Yaani anayechora kona ya barabara anampa dereva sekunde mbili na nusu, lakini sheria ya indiketa, kwenye barabara hiyohiyo, inampa moja.

Ombi langu kubwa kwenu ni hilo, na mengine yote katika barua hii yananing'inia hapo: kwenye barabara kuu, indiketa ipimwe kwa sekunde, na sekunde hizo ziwe 5.

Sijalibuni mimi. Mkataba wa Vienna wa Usafiri Barabarani wa tarehe 8 Novemba 1968, katika kifungu cha 14, unamtaka dereva, kabla ya kukata kona au kusogea upande wowote, atoe onyo lililo wazi na la kutosha kwa indiketa, au kwa mkono ikiwa indiketa haipo. Unasema pia onyo hilo liendelee muda wote wa kuhama na likome mara kuhama kunapokwisha. Maneno mazuri. Ila "la kutosha" limeachwa bila kipimo, na wengi wetu tumelijaza kwa mazoea.

Waliolijaza vizuri wapo. Japani wametenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya: anayekata kona aiwashe mita 30 kabla, anayehama leni aiwashe sekunde 3 kabla. New Zealand wanataka angalau sekunde 3. California ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa vipimo vyote viwili viko chini ya paa moja. Sheria yao inataja futi 100 kabla ya kukata kona, ambazo ni kama mita 30, lakini kitabu wanachompa dereva kinamwambia akiwa kwenye barabara ya mwendo kasi aiwashe angalau sekunde 5 kabla ya kuhama leni. Kitabu kimekubali kwamba mita za mtaani hazitoshi huko.

Kwa nini napendekeza 5 na si 3? Kwa sababu 3 zinamtosha aliye macho, mwenye gari jepesi, mchana, anayetazama mbele. Sekunde 5 zinamfikia pia aliyekuwa anatazama kioo, aliyeinama kidogo kuzima redio, na dereva wa lori lililojaa ambaye hawezi kupunguza mwendo upesi hata akitaka. Kwa spidi 100, sekunde 5 ni kama mita 139. Katika umbali huo mtu aliye nyuma hahitaji breki, anainua tu mguu kwenye mafuta.

Hilo la kuinua mguu lina uzito kuliko linavyosikika. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio lao: magari 22 yalizungushwa kwenye duara la mita 230, kila dereva akiambiwa aende kwa mwendo ule ule. Hapakuwa na kona kali, taa za barabarani wala ajali. Baada ya muda foleni ilijitengeneza yenyewe, magari yakasimama na kuondoka, na wimbi la kusimama likarudi nyuma kutoka gari hadi gari. Kuyumba kidogo kwa mmoja kulikuzwa na aliyemfuata. Jaribio lile halikuhusu indiketa, lakini mtu anayechomekea gari lake mbele ya mwenzake kwa ghafla anaanzisha wimbi kama lile kwa mwendo mkubwa zaidi. Wa kwanza anakanyaga breki kidogo, wa pili zaidi kidogo, na wa kumi hajui kwa nini anasimama.

Najua kuna shule ya mawazo isemayo indiketa iwashwe tu pale ambapo kuna mtu atakayefaidika nayo. Walimu wenye uzoefu mkubwa huifundisha, na siidharau. Inamlazimisha dereva kutazama kwanza badala ya kuwasha taa kama mashine. Mwanafunzi anayewasha indiketa bila kutazama kioo ni hatari kuliko aliyetazama akasahau kuwasha. Lakini hoja hiyo inategemea dereva kuwa ameona kila mtu. Usiku ule mimi niliamini leni ya kati haina mtu, na nilikuwa sahihi kabisa. Leni ilikuwa tupu. Aliyeihitaji indiketa yangu hakuwamo katika leni hiyo, alikuwa upande wa pili akiitazama leni ileile tupu na kuamini vilevile. Vioo vinaonyesha magari yaliko sasa. Havionyeshi gari linakusudia kwenda wapi. Kwa mwendo wa barabara kuu, basi, mwacheni dereva asichague. Aiwashe kila mara, hata kama anaona yuko peke yake, kwa maana anayeihitaji zaidi ni yule asiyemwona.

Sasa nije darasani, maana nusu ya tatizo iko kwetu walimu.

Mkalie mwanafunzi kando, mwambie "hamia leni ya kati", kisha usitazame barabara, tazama mikono yake. Mkono mmoja unasukuma kijiti cha indiketa na mwingine unavuta usukani, kwa pamoja, kama vile vimefungwa kamba moja. Hiyo ndiyo picha iliyomo kichwani mwake: indiketa ni sehemu ya kugeuza. Kuivunja picha hiyo kunachukua siku kadhaa. Ninachofanya ni kumtaka ahesabu kwa sauti. Anatazama vioo, anawasha, anasema "elfu moja na moja, elfu moja na mbili", hadi tano, usukani haujaguswa. Akifika tatu anatazama tena kioo na pembeni, pale ambapo kioo hakifiki. Akifika tano na njia ni salama, anahama taratibu. Mara ya kwanza wanaona aibu kuhesabu. Wengi hunitazama wakifika tatu, wakiniomba kwa macho niwaruhusu waende. Sekunde 5 ukizihesabu ni ndefu ajabu, na hapo ndipo wanatambua jinsi walivyokuwa wakihama bila kumpa mtu nafasi.

Utaratibu huo una sharti ambalo kitabu kikiandikwa kisilisahau. Kutazama kunatangulia kuwasha. Ukiona kwenye kioo gari linakuja kwa kasi leni ya pili na litakufikia muda si mrefu, usimwashie. Ataiona taa yako akiwa jirani yako kabisa, atadhani unamwingilia, atakanyaga breki au atakwepa, na hayo yote kwa taa ambayo hukukusudia kuifuata mara moja. Mwache apite, kisha anza kuhesabu. Indiketa ya mapema mno inadanganya sawasawa na iliyochelewa.

Kuna jambo jingine la kufundisha kuhusu kijiti cha indiketa, na hili limekuja na magari mapya. Ukikigusa kidogo tu, indiketa inapiga mara tatu na kuzima yenyewe. Wengi wanalipenda, na wanaamini mtengenezaji wa gari amewaamulia kwamba mara tatu zinatosha. Kanuni za kimataifa zinaruhusu indiketa imulike kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Kwa mwendo wa kati, mara 90, mimuliko mitatu ni kama sekunde 2. Kwa spidi 100 hizo ni mita 55 hivi, halafu taa inazima huku gari bado liko juu ya mstari. Aliye nyuma anaona indiketa imekatika, anadhani umeghairi. Mkataba wa Vienna unataka onyo liendelee hadi kuhama kuishe, na mguso huu mara nyingi hautimizi. Wanafunzi wangu nawaambia wakisukume kijiti hadi kikae, kisha wakirudishe wenyewe kwa kidole.

Kukirudisha kwa kidole nako ni lazima kufundishwe. Kifaa kinachozima indiketa kimo kwenye usukani, na kinangoja usukani uzungushwe vya kutosha kisha urudi katikati. Kwenye kona ya mtaani kinafanya kazi. Unapohama leni kwa kasi, usukani unasogea kidogo mno, kifaa hakishtuki, na taa inabaki ikipiga kilomita baada ya kilomita. Pikipiki nyingi hazina kifaa hicho kabisa, ni kidole tu. Mtu anayekuja nyuma ya indiketa iliyosahauliwa hana la kufanya: akimpita anaogopa ataingiliwa, asipompita anajenga foleni. Na akishakutana na tano kama hizo kwa siku, anaacha kuziamini hata zile za kweli. Mwaka 2012, katika mkutano wa wahandisi wa magari huko Marekani, iliwasilishwa ripoti ya kutazama magari 12,000 barabarani. Katika kuhama leni, madereva waliacha kuwasha indiketa au waliiacha ikiwaka bila sababu kwa asilimia 48. Karibu nusu. Dereva akisoma taa za wenzake kwa kiwango hicho cha kosa, ni kama anabahatisha.

Naomba mtihani wa leseni ufike barabara kuu. Pale ambapo mtahini anamaliza kazi yake kwenye mitaa na maegesho, tunampa mtu ruhusa ya kwenda spidi 100 bila mtu yeyote kumwona akihama leni hata mara moja. Mtahini awe na saa. Apime muda kati ya mmuliko wa kwanza na tairi kugusa mstari, ahame na kurudi mara tatu, nne.

Nimesema kurudi kwa makusudi. Ujerumani sheria yao inataka dereva anayelipita gari lingine awashe indiketa anapotoka na awashe tena anaporudi. Kwingi duniani kurudi hakupewi heshima hiyo. Mtu akishalipita gari anaona kazi imekwisha, anateleza kurudi kwenye leni yake kama anayerudi kitandani. Yule bwana wa usiku ule alikuwa anarudi.

Kwa mnaochora barabara nina maneno machache, ila msiyaone madogo kwa uchache wake. Dereva hawezi kuwasha mapema akiwa hajajua mapema. Mkiweka kibao cha njia ya kutokea pale pale inapoanza, mnamfanya avuke leni tatu kwa pumzi moja, na indiketa yake inakuwa kilio cha msaada. Ujerumani wanaweka vibao vyenye mistari mitatu, miwili na mmoja, mita 300, 200 na 100 kabla ya njia ya kutokea. Uingereza wana mtindo huohuo kwa yadi. Kwa spidi 100, mita 300 ni karibu sekunde 11. Anayewasha kwenye kibao cha kwanza amewapa wote nyuma yake nafasi ya kutosha, na hapati sababu ya kukanyaga breki akiwa bado ndani ya barabara kuu. Breki zake zina mahali pake, nazo ni kwenye njia ya kutokea. Taa ya indiketa itangulie taa ya breki, daima, kwa kuwa taa ya breki inasema "napunguza" lakini haisemi kwa nini. Na kama njia mbili za kutokea zimekaribiana, dereva aipite kwanza ile asiyoitaka ndipo awashe, la sivyo wa nyuma watadhani anatoka na watasogea kuijaza nafasi yake.

Vivyo hivyo anayeingia. Njia ya kuongezea mwendo imejengwa ili apate spidi ya wenzake, na indiketa yake iwake tangu mwanzo wa njia hiyo, wala si mwishoni ukuta ukiwa umemkaribia. Walio ndani wakiiona mapema, mwenye nafasi husogea leni ya pili, asiye nayo hupunguza kidogo, na mambo yanakwenda bila honi.

Yapo matumizi mawili ya taa hizi ambayo yanaharibu maana yake, na naomba yatajwe wazi kwenye vitabu vyenu. La kwanza ni taa za hazadi wakati gari linatembea kwenye mvua kubwa au ukungu. Anayeziwasha anatafuta kuonekana, namwelewa. Lakini kwenye magari mengi, taa zote nne zikishapiga, indiketa haisomeki tena. Akihama leni hakuna atakayejua. Zaidi ya hayo, kwa mbali hazadi zinasema "nimesimama", naye anatembea. Kwenye mvua awashe taa za mbele na za nyuma, apunguze mwendo, aache indiketa zibaki huru kwa kazi yake.

La pili ni gumu kwangu kulisema, maana linatokana na wema. Katika nchi nyingi dereva wa lori humwashia indiketa aliye nyuma yake kumwambia njia ni nyeupe, pita. Kwingine indiketa ya upande uleule inamaanisha kinyume: usipite, kuna gari linakuja. Na wakati mwingine lori kweli linakata kona. Taa moja, maana tatu, na anayesoma vibaya anakutana uso kwa uso na gari lingine au analichoma lori ubavuni. Madereva wa malori wameokoa roho nyingi kwa macho yao ya juu, sitaki mtu aliyesoma barua hii awadharau. Lakini taa inayopaswa kusema "nakwenda upande huu" isibebeshwe ujumbe mwingine, kwa kuwa mgeni wa barabara hiyo hajafundishwa lugha hiyo, na atalipia kutoijua kwake.

Nitaambiwa, na nimeshaambiwa na wanafunzi wasio wachache: "Mwalimu, ukiwasha mapema wanakufungia." Kwamba mtu wa leni ya pili akiiona taa anaongeza mwendo aizibe nafasi. Ni kweli, hutokea, nami hunitokea. Lakini tazameni kinachotokea kila upande ukijifunza kutokana na hilo. Anayehama anajifunza kushtukiza, na anayeshtukizwa anajifunza kuziba. Kila mmoja anamfundisha mwenzake ubaya. Sheria ikimlazimisha wa kwanza atoe sekunde 5, ni haki pia imtaje wa pili: anayeongeza mwendo kwa makusudi kumzuia aliyewasha indiketa, naye ana kosa. Na wa kwanza aelewe kwamba taa si haki ya kupita. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinasema waziwazi kwamba kutoa ishara hakukupi kipaumbele. Umepiga hodi, ngoja uitikiwe. Akikuzibia, mwache, kuna nafasi nyuma yake. Sekunde zilizopotea hapo sijawahi kuziona zikimchelewesha mtu safari.

Kuhusu kusimamia haya, msiniambie haiwezekani. Spidi inakamatwa kwa sababu ipo mashine ya kuipima. Muda wa indiketa nao unapimika, kwa video yoyote yenye saa: hapa taa imewaka, hapa tairi limegusa mstari. Kamera zenu tayari zimetazama barabara hizi usiku na mchana. Anzeni na onyo la maandishi kwa miezi kadhaa, watu wajione wenyewe walivyohama, kabla ya faini yoyote. Nina hakika wengi watashangaa kama nilivyoshangaa mimi nilipojirekodi safari nzima na kukuta, mwalimu wa watu, kwamba wastani wangu nisipohesabu haufiki sekunde 3.

Na wakaguzi wa magari wasipitie haraka taa za matrela. Indiketa iliyofunikwa na tope, au iliyokatika waya nyuma ya trela la mita 13, inamfanya dereva mwangalifu kuwa kipofu kwa wenzake bila yeye kujua. Kwenye gari dogo balbu ikifa, indiketa nyingi hupiga harakaharaka na dereva anashtuka. Kwenye trela mara nyingi hakuna wa kumwambia.

Maneno ninayoomba yaingie katika sheria na katika kitabu cha dereva ni haya, mkayanyooshe kwa lugha ya mawakili mnavyoona inafaa:

"Katika barabara ambayo mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 80 kwa saa au zaidi, dereva anayehama leni, anayeingia, anayetoka, au anayerudi kwenye leni baada ya kulipita gari lingine, atatazama kwanza, kisha atawasha indiketa angalau sekunde 5 kabla gurudumu lolote halijagusa mstari, ataiacha ikiwaka hadi gari lote liwe ndani ya leni mpya, na ataizima. Kuwasha indiketa hakumpi haki ya kuingia. Aliyeiona hataongeza mwendo ili kumzuia."

Kama kuna kati yenu anayedhani sekunde 5 ni nyingi mno, nakaribisha aje akae kiti cha pembeni katika gari langu la mafunzo, saa mkononi, kilomita 20 tu za barabara kuu, amtazame mwanafunzi akihesabu.

Wenu katika barabara,
Mwalimu wa udereva